Kasha la Wakesho na Matundu Yake Manne

Jumapili, tarehe kumi na mbili Januari. Asubuhi ukungu ulikuwa umeushika mlima hadi kiunoni, na umande ulikuwa mwingi hata viatu vyetu vikalowa kabla hatujafika kanisani.

Baada ya ibada, kijana aliyechaguliwa kuongoza kwaya alisimama akasema hataipokea kazi hiyo mpaka kwanza afundishwe, kwa kuwa hajui kusoma nota. Wenzake walicheka. Mzee mmoja wa kanisa hakucheka. Alisema tu, "Tundu la kasha ndilo mzizi wake," kisha akaketi.

Tulipotoka nje vijana walinizunguka. Maneno hayo wameyasikia tangu utotoni, lakini kasha lenye tundu, waliniuliza, lina faida gani? Na tundu litakuwaje mzizi? Niliwaambia wakae kwenye ngazi za kanisa. Chanzo cha methali hii sikuhadithiwa na mtu, nilikuwepo. Nami naandika hapa kama nilivyowaeleza wao, Mungu anisaidie nisiongeze wala nisipunguze.

Mwanzo wake ulikuwa hapa hapa Ngolonyi, katika milima yetu ya Taita, nyumbani kwa jirani yangu Wakesho. Alikuwa mjane, mama wa binti mmoja aliyeitwa Mghoi, na ndiye aliyekuwa mtunzaji wa mkufu wa ukoo wao.

Mkufu ule haukuwa wa dhahabu. Ulikuwa wa shanga, na kila ushanga uliwekwa na bibi harusi mmoja. Wa kwanza, mweusi, uliwekwa na Bibi Malemba, ambaye hakuna aliye hai aliyemwona. Tangu hapo, kila binti wa nyumba ile akiolewa huchagua ushanga wake na kuuongeza. Kwa hiyo palikuwa na wa kioo, wa mfupa, wa udongo uliochomwa, na mmoja uliochongwa kutoka kifungo cha shaba cha koti la mtu.

Binti wa ukoo huo hatoki nyumbani kwenda kuolewa kabla hajavalishwa mkufu. Mtunzaji hugusa ushanga mmoja mmoja akitaja jina la aliyeuweka, na mjomba ndiye anayefunga fundo nyuma ya shingo ya bibi harusi. Pasipo majina, au pasipo mkono wa mjomba, binti hubaki kitini. Nimewaona bwana harusi na watu wake wakisubiri uani mpaka chakula kikapoa, kwa sababu mjomba alikuwa bado yuko njiani.

Zamani mkufu ulikaa katika sanduku la mbao chini ya kitanda. Kisha Jumapili moja, wakati sisi sote tuko kanisani, wezi waliingia katika nyumba ya mtu wa upande wa pili wa kijito wakachukua kila walichoweza kubeba, hata sanduku lililokuwa na nguo za marehemu mama yake. Mghoi alikuwa ameshachumbiwa. Wakesho alianza kuja kanisani na mkufu kifuani, ndani ya blauzi, na kila tulipopiga magoti nilizisikia shanga zikigongana.

Ukoo ukakaa, ukachanga, ukaamua linunuliwe kasha la chuma, lile ambalo wengi wanaliita sefu. Wakesho alishuka Voi kulichagua pamoja na kaka yake Mwadime, nami nikaombwa niandamane nao.

Lazima niwaambie kidogo kuhusu Mwadime. Alikuwa kaka pekee wa Wakesho, mfanyabiashara wa mboga, mtu mwema mwenye sauti kubwa, ambaye hakununua kitu bila kukigonga, kukinusa na kukigeuza. Mnajua hapa kwetu sufuria hainunuliwi mpaka iinuliwe juani. Mwanga ukipenya, hata kama ni wa ncha ya sindano, sufuria inarudi kwa mwenyewe. Mwadime alikuwa bingwa wa kuinua sufuria juani. Wanawake walimkodi siku ya soko.

Dukani alienda moja kwa moja kwenye kasha jekundu linalong'aa, akaligonga.

"Hili linalia kama debe," alisema.

"Basi umeshalijua, mzee," alijibu mwenye duka, Bwana Salmin. "Ni bati lililopakwa rangi. Njooni huku."

Akatuonyesha kasha la kijivu, lisilo na urembo wowote. Alitwambia tutazame unene wa mlango, na jinsi ulivyozama ndani ya fremu mpaka mtaimbo haupati pa kuingia. Alitwambia kuta zake zimejazwa kitu kama saruji, ili nyumba ikishika moto vilivyomo visiungue upesi. Kisha akamuuliza Wakesho kama anataka la kufunguliwa kwa namba au kwa ufunguo.

"Ufunguo," alisema Wakesho. "Namba nitaisahau siku ya hofu."

Wanaume wanne walilipakia kwenye pikapu. Lilipofika Ngolonyi na kutolewa maboksi, watoto waliokuwa wakipiga kelele uani walinyamaza wenyewe. Hatukuwahi kuona kitu kilichofungwa namna ile. Mlango wake ulipojifunga ulitoa sauti ndogo, nzito, na kila mmoja wetu akajikuta anasema kwa kunong'ona.

Mwadime peke yake hakunong'ona. Aliwaambia vijana, "Liinueni. Kila kitu lazima kione jua."

Vijana wakalilaza chali kwa tabu, kitako chake kikaelekea jua, na yeye akaingiza kichwa ndani kupitia mlangoni. Kisha tukasikia sauti yake humo chumani.

"Limetoboka! Wakesho, limetoboka! Si tundu moja, ni manne!"

Tulichungulia kwa zamu. Ni kweli, Mwadime alikuwa ameinua kitambaa kilichotandikwa kwenye sakafu ya kasha, na chini yake palikuwa na matundu manne, kila pembe moja, na mwanga ulipita humo kama macho ya paka. Wakesho alikaa chini. Kesho yake kasha likapakiwa tena, likarudi Voi.

Bwana Salmin aliposikia malalamiko, alicheka mpaka akashika kaunta. Kisha akatwambia tufungue kila kasha lililokuwa dukani. Yote yalikuwa na matundu.

"Nataka lisilo na tundu," alisema Mwadime.

"Liko pale rafu ya chini, mzee. Ni la biskuti."

Alipoona Wakesho hacheki, naye akaacha kucheka. "Mama, sikiliza," alisema. "Mwizi mwenye akili hahangaiki na mlango. Hubeba kasha zima, akaenda kulifungua kwake taratibu huku anakunywa chai. Matundu haya ni ya bolti. Lishikizeni na sakafu ya zege, au bora zaidi na mwamba, kama mnao."

"Tunao," alisema Wakesho.

Tukalirudisha mlimani. Njia nzima Mwadime alikuwa akinung'unika. "Muuzaji haishiwi maneno huyu. Angekuwa na mbuzi kiwete angesema anacheza ngoma." Tulipofika, alichukua nta ya nyuki akaziba matundu yote manne, akayalainisha kwa kidole mpaka hukuweza kuyaona. Kasha likawekwa sebuleni, mkufu ukiwa ndani, likavikwa kitambaa cheupe cha kufuma, na juu yake ikawekwa picha ya marehemu baba yao. Kila mgeni alikaribishwa aligonge. Nami niliwahi kuligonga, na kila mara nilihisi kama nimegonga mlango wa mtu mkubwa.

Miezi ikapita. Harusi ya Mghoi ikapangwa Jumamosi, na wiki moja kabla yake usafi ukaanza. Asubuhi hiyo nilikuwa nimekaa kizingitini nikichambua mchele. Mghoi alikuwa anafagia sebuleni huku anaimba. Alifika kwenye kasha, akaona vumbi nyuma yake, akaliegemeza nyonga akasukuma. Kasha likateleza juu ya sakafu ya saruji kama benchi. Hata wimbo haukukatika.

Wakesho alikuwa anaingia na sinia la chai. Alisimama. Akaliweka sinia chini.

"Rudia," alisema.

"Nini, mama?"

"Ulichofanya sasa hivi. Rudia."

Mghoi alisukuma tena, kwa woga safari hii, na kasha likaenda tena. Wakesho alipiga magoti pale pale katikati ya vumbi akaomba, midomo ikicheza bila sauti. Alipoinuka alinitazama akasema, "Jirani, nilidhani nimenunua kasha. Kumbe nimenunua mkokoteni."

Nyumba yao ilijengwa na baba yao kwa kuegemea mwamba. Chumba cha nyuma nusu ya sakafu yake ilikuwa mwamba wenyewe, uliojitokeza kama mgongo wa ng'ombe aliyelala, na hapo waliweka ndizi ziive. Wakesho aliondoa ndizi. Akamwita Kisombe, fundi wa mawe, akamwambia atoboe mwamba mahali panne.

Kisombe aliyeyusha nta kwa msumari wa moto, akaliweka kasha pale mwambani, akatia alama, akaanza kazi. Mlio wa patasi ulisikika kijiji kizima. Ndio uliomleta Mwadime. Aliingia bila kubisha hodi.

"Wakesho! Unatoboa nyumba ya baba?"

"Natoboa jiwe, kaka. Nyumba iko salama. Karibu chai."

"Chai gani? Mkufu wa mabibi zetu unaufunga kwa bolti, kama mbwa mkali?"

"Siufungi mkufu, nafunga kasha. Kaka, Mghoi amelisukuma kwa nyonga, anaimba. Kwa nyonga! Kama msichana anaweza, mwanamume mwenye nia mbaya je?"

"Nililiziba mimi mwenyewe. Lilikuwa zima. Sasa umelirudisha kuwa bovu, na watu watasema Mwadime, anayepima sufuria za soko zima, dada yake anatunza urithi ndani ya kitu kilichotoboka."

Hapo ndipo Wakesho alipoutoa mkufu kifuani, alipokuwa ameurudisha wakati kasha likifanyiwa kazi, akauinua mbele yake.

"Kaka, nionyeshe humu ushanga usio na tundu."

Kisombe aliacha kupiga patasi. Mwadime aliutazama mkufu.

"Usiokuwa na tundu ungekuwa wapi?" aliendelea Wakesho kwa upole. "Ungekuwa umeshapotea katika majani siku nyingi. Bibi Malemba tusingejua hata jina lake."

Nadhani nusu ya moyo wake ilikubali. Lakini fundi alikuwa anasikia, mimi nilikuwa nasikia, na Mwadime alikuwa mtu wa sauti kubwa. Alivaa kofia yake.

"Vizuri. Umekuwa mwerevu kuliko mimi. Basi Jumamosi tafuteni mkono mwingine wa kufunga fundo."

Akaondoka. Mghoi, aliyekuwa amejificha nyuma ya pazia, alitoka analia. Hakuwa na mjomba mwingine duniani. Wakesho akamgeukia fundi. "Endelea," alisema. "Mungu atamrudisha."

Jioni bolti nne zilikazwa. Nilisukuma, Kisombe alisukuma, Mghoi akasukuma kwa nyonga ile ile, na kasha likakaa kana kwamba lilizaliwa na mwamba ule. Wakesho akaufunga mkufu katika kitambaa, akauweka ndani, akafunga mlango kwa ufunguo.

Kisha mvua ikaja. Ilinyesha bila kupumzika, si kwa kishindo, bali kwa subira. Jumatano asubuhi padre aliwaita akina mama kanisani kwa maombi ya harusi, nao Wakesho na binti yake wakapanda pamoja nasi, ufunguo wa kasha ukiwa umefungwa kwenye pindo la kanga yake. Hakubaki mtu nyumbani kwao.

Tulikuwa katikati ya sala mlima ulipotoa sauti. Nimejaribu mara nyingi kuieleza sauti ile. Ilikuwa kama mtu mkubwa sana anaburuta kabati kwenye chumba kilicho juu ya mbingu. Padre aliacha sentensi njiani. Tulitoka nje, na mbele ya macho yetu ubavu wa mlima, pamoja na migomba yake na mahindi yake, ulikuwa unashuka, umesimama wima, kama watu wanaoandamana. Kisha ukalala. Mahali ilipokuwa nyumba ya Wakesho palikuwa na udongo mwekundu, mpya, unaotoa mvuke.

Hakuna aliyekufa. Nasema hivyo na mpaka leo naogopa nikisema. Nyumba yangu, iliyokuwa hatua chache tu kando, haikuguswa hata dirisha. Sijui kwa nini, na sijathubutu kuuliza.

Tulishuka. Kabati la Wakesho lilikuwa barabarani. Paa lilikuwa bondeni, limegeuka kama mtumbwi. Mlango wa mbele ulikutwa katika shamba la mtu, ukiwa bado umefungwa komeo. Wakesho hakulia. Alimshika Mghoi mkono, akawa anatazama mahali pale kama mtu anayesoma maandishi madogo.

Mwadime alifika anakimbia, matope mpaka mapajani, kiatu kimoja. "Dada yangu yuko wapi? Yuko wapi?" Alipomwona alimkumbatia yeye na Mghoi kwa pamoja, akawashika hivyo muda mrefu, na ile sauti yake kubwa haikutoka kabisa.

Kisha akachukua jembe. Hakuuliza. Alienda mahali alipokisia chumba cha nyuma kilikuwa, akaanza kuchimba. Kisombe akamfuata, na wanaume wengine. Wazee wa upande wa bwana harusi, waliokuwa wamekuja kuona msiba, nao wakavua makoti wakashika sepetu. Mvua ilikuwa imebaki manyunyu.

Jembe la Mwadime liligonga jiwe. Wakafukua mgongo wa mwamba. Wakafuata mwamba ule taratibu, kwa mikono sasa, na kwenye ncha yake wakakuta pembe ya chuma cha kijivu.

Waliondoa udongo kwa viganja mpaka kasha lote likaonekana. Ubavu mmoja ulikuwa umebonyea mahali mawe yalipolipiga. Bolti moja ilikuwa imepinda. Kuta nene za nyumba zilikuwa zimekwenda, kabati lililobebwa na watu sita lilikuwa limekwenda, na kitu hiki, ambacho msichana alikisukuma akiimba, kilikuwa kimekaa pale pale kilipowekwa, mlango umefungwa.

Mwadime aliliegemeza bega akasukuma. Akageuka, akalisukuma kwa mgongo, miguu ikiteleza matopeni. Kisombe akaongeza nguvu, na wengine wawili. Halikutikisika. Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi alivua kofia, na wanaume wote wakavua zao, ingawa mvua ilikuwa bado inanyesha.

Wakesho alifungua pindo la kanga. Ufunguo uligoma kwanza kwa sababu ya matope, kisha ukakubali. Mlango ulifunguka kwa ile sauti yake ndogo. Kitambaa kilichoufunika mkufu kilikuwa kikavu. Nilikigusa mimi mwenyewe. Kilikuwa kikavu kama kimetoka kuanikwa.

Hakusema tumeokoka, wala hakupiga vigelegele. Aliuinua mkufu, na pale pale, amesimama katika matope yaliyokuwa nyumba yake, akaanza kugusa shanga.

"Huu ni Malemba. Huu wa mfupa ni Samba, aliyezaa mapacha mwaka wa njaa. Huu wa shaba ni Mkamburi, aliyependa kuimba mpaka akaimba msibani kwa mume wake."

Jina baada ya jina. Watu wa upande wa bwana harusi, ambao hawakuwa na haki ya kuyasikia kabla ya siku ya harusi, waliinamisha vichwa. Nilihisi kwamba hatukuwa peke yetu pale mlimani, na siwezi kusema zaidi ya hapo. Alipofika kwenye ushanga wa mwisho alisema, "Huu ni wangu."

Mwadime alikuwa amepiga magoti mbele ya kasha, anapangusa matope kwenye bolti kwa kidole kile kile alichozibia nta. Alifika kwenye ile iliyopinda, akaishika.

"Dada," alisema, na sauti ilikuwa ndogo hata tukasogea ili tusikie, "mimi niliona kasoro. Kumbe tundu la kasha ndilo mzizi wake. Lisingetobolewa, mwamba ungelishika wapi?"

Hivyo ndivyo yalivyosemwa kwa mara ya kwanza. Watu waliyachukua maneno hayo wakaenda nayo, na leo husemwa kwa kila mtu anayeona haya kuonyesha anapopungukiwa. Pale panapopungua ndipo mkono ulio na nguvu kuliko wewe unapopata pa kukushika. Mimi nimeyashika hivyo katika maombi yangu.

Baba wa bwana harusi alimsogelea Wakesho kwa heshima, kofia mkononi. "Mama, huna nyumba sasa," alisema. "Hatutakulaumu ukituambia tungoje. Binti atatokea wapi?"

Mghoi alimtazama mjomba wake, kisha akatazama chini upesi, kama mtu aliyeomba kitu kwa bahati mbaya.

Mwadime aliinuka. Alijipangusa mikono kwenye suruali, bila mafanikio, akasimama katikati yetu, na safari hii sauti yake ilirudi yote.

"Mnisikie, wakwe zetu. Mnisikie, padre na majirani. Mimi Mwadime niliapa kwa kiburi kwamba sitalifunga fundo la mpwa wangu, na leo nimesukuma kasha kwa nguvu zangu zote mbele yenu nikashindwa. Tundu la kasha ndilo mzizi wake, na langu mmeliona. Basi naahidi mbele ya Mungu na mbele yenu nyote: Jumamosi Mghoi atatoka nyumbani kwangu, na mkono huu ndio utakaofunga fundo."